Chai Aliyobakiza Baba

Juzi dada mmoja alinijia mezani kwangu Tandika na chupa ya chai iliyotumika, anataka nimpe mpya yeye aongezee kidogo. Mie nauza vyombo, na vilivyotumika navichukua pia, kama mwenyewe anasikia maneno. Nikafungua kifuniko niangalie kama kioo cha ndani kina ufa. Harufu ikanipokea kabla sijaona kioo: tangawizi iliyochacha, sukari iliyolala, na ule uvundo mtamu wa kizibo ambacho tangu kinunuliwe hakijawahi kukauka. Nikabaki nayo puani muda mrefu kuliko biashara inavyoruhusu.

"Sista, unainunua au unainusa?"

"Naipima."

"Kwa pua?"

"Macho mmeshazoea kuyadanganya."

"Hiyo inashika joto, mie nakwambia. Alfajiri mpaka magharibi."

Nikamwambia chupa yenye kizibo kilicholegea vile haifiki magharibi ya mtu yeyote. Akitia chai ya kuchemka alfajiri, saa nne atainywa kwa kupuliza, adhuhuri atainywa bila kupuliza, na alasiri atakuwa anainywa kwa kuihurumia sukari tu. Akanitazama vizuri, akauliza kama nilisomea. Nikasema nilisomea nyumbani. Tukavutana bei, nikamshusha, akanipandisha, mwisho nikampa zaidi ya ile chupa ilivyostahili, kitu ambacho jirani yangu wa meza amekitangaza soko zima kama anatangaza msiba.

Msiba wenyewe ulikuwepo. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya mama wiki hiyohiyo. Alipokuwa hai nisingeyasimulia haya, maana alitumia nguvu nyingi kuyaficha, na mimi nilitumia nguvu nyingi kumsaidia kuyaficha bila yeye kujua. Sasa hayupo wa kuona haya. Nimebaki na harufu ya chupa ya mtu nisiyemjua, na nyie wa rika langu mliokulia nyumba za kupanga, ambao hamhitaji kuelezwa kwamba ukuta wa chumba una masikio na wa uani una mdomo.

Sisi tulipanga Mbagala, vyumba viwili vinavyofuatana, katikati pazia. Cha ndani tulilala sie watoto, mimi na mdogo wangu Idi, juu ya kitanda cha chuma chenye springi zinazolia hata mtu akiota. Cha mbele walilala wazazi, na mlango wake ulitokea uani. Chumba kilichotutazama ng'ambo ya uani alikaa Baba Neema na familia yake. Huyo alikuwa Mnyakyusa, mzee wa kanisa, na alifanya kazi na baba yangu, kwa hiyo ubishi walioushindwa kazini walikuja kuumalizia kwenye kibaraza.

Kazi yao ilikuwa kumimina sufuria. Walikuwa na banda la mabati Kiwalani, ndege zinapopita chini kiasi kwamba watu wa huko wamezoea kukata sentensi katikati, wakangoja, wakaimalizia. Siku za likizo baba alinichukua. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mbali na moto, nikitazama mapande ya injini na vipande vya madirisha vikiingia kwenye chungu cha chuma, vikalegea, vikawa maji meupe yenye ngozi. Yale maji yalimiminwa ndani ya kalibu ya mchanga. Baada ya hapo kilibaki kitu kimoja, nacho ndicho kigumu kuliko vyote: kungoja. Ukifungua mapema, sufuria inapinda kama sikio la mbwa. Ukichelewa, inaing'ang'ania kalibu mpaka inapasuka.

Saa ya ukutani ilikuwepo lakini ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeona sababu ya kuifufua, kwa sababu walipima kwa kusoma. Baba alisoma Alhamdu kimoyomoyo, midomo ikicheza, idadi yake kwa sufuria ndogo na idadi nyingine kwa kubwa. Baba Neema alisoma Baba Yetu. Kila mmoja alikuwa na kalibu zake na hesabu zake, na kila mmoja aliona mwenzake anakosea.

"Yako ndefu mno, Lameki," baba alimwambia. "Utaikausha sufuria kama ubuyu."

"Ndefu kwa sababu naisoma yote. Wewe ya kwako unaikimbiza kama unadaiwa, bwana."

"Ndiyo maana zangu hazivuji."

"Hazivuji kwa sababu mimi ndiye ninayeziziba."

Ndege ikapita. Wote wawili wakangoja, na hapo hapo, midomo yao yote ikiwa bado inacheza, wakafungua kalibu zao kwa wakati mmoja. Sufuria zikatoka salama, moja ya Kiislamu na moja ya Kikristo, na mnunuzi hakuwahi kuuliza ipi ni ipi.

Baba hakuwa msemaji sana nje ya ubishi. Lakini juu ya kupoa alipenda kusema, na alisema na mimi. Alinishika mkono akausogeza, mgongo wa kiganja ukitazama kitu, bila kukigusa. Msumari, tofali, kipande cha bati, jiwe, vyote vimetoka jikoni pamoja. "Sikia huyu. Sasa sikia yule. Rudi kwa wa kwanza." Nilikuta msumari umeshapoa na tofali bado linaunguza. "Bati linasahau haraka," alisema. "Tofali halisahau." Halafu akanipa sheria ambayo shuleni niliikuta baadaye imeandikwa kwa herufi na alama, nikaitambua kama unavyomtambua jirani aliyevaa suti: kitu cha moto hakipoi sawasawa. Mwanzo kinakimbia, mwisho kinatambaa. "Joto likiwa jingi linabanana mlangoni kama watu harusi ikiisha. Wakibaki wachache, hao hawana haraka tena. Wanaaga, wanakaa, wanaaga."

Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu mara mbili. Nikauliza, "Wanaishaga lini kabisa?"

"Hawaishi," baba akasema. "Ila inafika mahali huwezi kuwasikia."

Sasa niseme kuhusu chai. Baba alitoka nyumbani alfajiri, sisi tumelala. Mama aliipika chai ya tangawizi kabla ya adhana, akaitia kwenye chupa, na baba akanywa amekaa kwenye kigoda cha mlangoni, kikombe chake cha bati jeupe lenye mdomo wa buluu. Hakumaliza. Kwetu baba hamalizi. Sahani ya baba inarudi na kipande cha samaki, kikombe cha baba kinarudi na kidogo cha chini chenye sukari yote, na hicho ni haki ya mtoto wa kwanza, kama urithi unaolipwa kila siku kwa awamu. Idi alikuwa mdogo, hakuwa na hoja. Nilipoamka nilikuta kikombe juu ya stuli, kimefunikwa na kisahani, nami nikanywa.

Na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa, sikunywa hivihivi. Nilipima. Niliweka mdomo wa juu tu, nikasoma Alhamdu moja kwa mwendo wa baba, nikaweka tena. Kuonja mara moja hakukuambii kitu. Mtu yeyote anaweza kukuta chai ya vuguvugu. Tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili ndiyo inayosema. Ikiwa imeshuka sana, basi watu bado wanabanana mlangoni, baba katoka sasa hivi, yuko kona ya msikiti. Ikishuka kidogo, kashafika kituo cha basi cha Rangi Tatu. Isiposhuka kabisa, baba yuko Kiwalani, kawasha moto, na anabishana. Nilijua kwamba kidogo kinapoa haraka kuliko kingi, kwamba wakati wa kipupwe inabidi nipunguze, kwamba kisahani kikikaa upande hesabu yote inaharibika. Jioni nilimuuliza baba, "Leo ulichelewa kutoka?" akasema, "We umejuaje?" nikanyamaza kwa raha. Sijawahi tena kuwa na elimu iliyonifurahisha kiasi kile.

Halafu baba akapata kazi Mbweni. Kule nyumba mpya zilikuwa zinaota, na wenye nyumba walitaka mageti yenye maua ya alumini, simba wa alumini, vichwa vya mikuki. Sufuria hazimpi mtu jina, simba anampa. Mwanzoni alirudi kila jioni, kachoka, nywele zina mchanga wa rangi nyingine. Halafu akawa anarudi tumelala. Halafu mama akatuambia, "Baba yenu anarudi mmelala, anatoka mmelala. Mbweni mbali." Simu ndani ya nyumba ilikuwa moja, na alikuwa nayo baba.

Sikuona tatizo. Kikombe kilikuwa juu ya stuli kila asubuhi. Nilipima, nikajua yuko wapi. Kuna watoto wanaoishi na baba zao chumba kimoja na hawajui wako wapi.

Aliyeleta tatizo ni Neema, binti wa Baba Neema, tukiruka kamba.

"Baba yako hayupo."

"Yupo. Katoka asubuhi."

"Baba kasema kahamia Mbweni. Kasema kuna mama mwingine huko."

"Mama gani?"

"Mie ntajuaje. Mwingine tu."

"Kesho uje kabla hujapiga mswaki. Ntakuonyesha."

Akaja, tongotongo machoni, kajifunga khanga ya mama yake. Mama alikuwa nyuma ya pazia anamvisha Idi. Nikafunua kisahani kama mtu anayefungua mashtaka.

"Tia mdomo."

"Sinywi mabaki ya mtu."

"Tia kidole basi."

Akatia. Akatoa.

"Ya moto," akasema.

"Chai inaweza kujitia yenyewe?"

"Haiwezi."

"Basi."

Neema alikuwa mtu wa haki, akakubali kashindwa. Alipovuka uani nikasikia mama yake anamuuliza katoka wapi, kisha kofi dogo, kisha sauti ya chini, "Mambo ya watu wazima unayatolea wapi wewe?" Mama alitoka nyuma ya pazia. Alinipa maandazi mawili badala ya moja. Nikayala kama zawadi ya kushinda kesi.

Ila neno likishaingia halitoki. Nikaanza kutaka kumuona. Sikutaka kitu kingine, zawadi wala fedha wala kupelekwa popote. Nilitaka kumuona amekaa kwenye kigoda, ili Neema akisema tena niwe na zaidi ya kikombe. Hesabu ilikuwa rahisi. Kipimo kilisema kila siku kwamba kaondoka punde tu, yuko kona ya msikiti au kaipita kidogo. Kwa hiyo nikiamka mapema kidogo tu, nitamkuta.

Nikaamka mapema. Kikombe kiko juu ya stuli. Nikapima: kaondoka punde tu. Nikajilaumu, nikasema leo na yeye kawahi. Siku nyingine nikaamka bado giza, majogoo wa kwanza. Kikombe, kisahani, kigoda kitupu. Nikapima: punde tu. Siku ya tatu nikafanya kinyume, kwa sababu nahesabu mara mbili na ya pili naanzia mwisho: nikajilaza makusudi mpaka jua likaingia kwenye tundu la bati na mama akaita nitachelewa shule. Kwa saa ile chai ilipaswa iwe baridi ya kunata. Nikaweka mdomo, nikasoma, nikaweka tena.

Punde tu.

Nilikaa kwenye kigoda cha baba na ile hesabu. Chai haiwezi kupoa kwa namna ile. Bati linasahau haraka, kidogo kinapoa haraka, na kikombe hiki hakikujua saa. Niamke na majogoo, niamke na jua, baba alikuwa ametoka Alhamdu chache kabla yangu, sikuzote hizohizo. Nikaiangalia huku na huku kama mteja anayetafuta ufa, na nikaupata, au niliona nimeupata. Jibu lilikuwa moja. Baba yumo ndani. Anakaa pale mlangoni anasikiliza kitanda. Springi zikilia, anajua nimeamka, anaweka kikombe na kuondoka mbio.

Baba alikuwa ananikimbia mimi.

Sijui niwaelezeje ilivyouma, kwa sababu iliuma kimyakimya na kwa mpangilio, kama kila kitu nilichofanya. Nilitafuta nimemkosea nini. Nikaorodhesha. Nilimuuliza maswali mengi Kiwalani. Nilimwambia siku ile kachelewa, labda hakupenda kujulikana. Shuleni nikawa mtulivu sana, mwalimu akanisifu kwa mama. Nyumbani nikawa naosha kile kikombe mwenyewe, kwa majivu, mpaka ndani ya mdomo wa buluu, nikidhani labda hakioshwi vizuri.

Na nikapanga kumfumania. Kama kitanda ndicho kinachonitangaza, basi nisilale kitandani. Nikamwambia mama joto limezidi, nataka mkeka. Akanitandikia chini, karibu na pazia. Alfajiri, adhana ya kwanza, nikafungua macho bila kusogea hata kidole. Upande wa pili kulikuwa na mwanga wa koroboi. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa komeo, toka ndani. Pazia letu lilikuwa na nafasi chini, na mtu aliyelala chini ana faida hiyo moja.

Niliona kigoda cha baba, na juu yake amekaa mama.

Chupa ya chai ilikuwa miguuni kwake. Kikombe cha bati alikuwa nacho mapajani, kitupu, kakishika kwa mikono miwili. Hakuwa anafanya chochote. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea upande wetu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nikangoja na yeye anangoja. Nikadhani labda naye anamvizia baba, kwamba tuko wawili kwenye mtego mmoja, na nikakaribia kufurahi.

Idi akageuka usingizini. Springi zikalia, kelele za kutosha kuniamsha hata pale chini.

Mama akashtuka kama mtu aliyeitwa. Akafungua chupa, akamimina kikombe mpaka juu, akatia sukari nyingi, kijiko cha baba, akakoroga bila kugonga ukingo. Akaanza kunywa. Mama hakuwa mpenzi wa tangawizi, ilimchoma kifua. Alikunywa kwa haraka amefumba macho, kama dawa, akapumzika, akanywa tena, mpaka kikabaki kile cha chini. Akatazama ndani, akaona kimezidi, akaongeza funda moja. Halafu akakimimina kile kidogo kwenye kisahani, akakirudisha kikombeni, akakimimina tena, anaipoza. Akaweka mdomo wa juu tu. Akatulia. Midomo yake ikawa inacheza.

Nilijua anasoma nini. Nikasoma naye, kule chini, kwa mwendo uleule. Tulimaliza pamoja. Akaweka mdomo tena, akatikisa kichwa, bado ya moto mno, mtoto angefungua mlango akimbilie kona ya msikiti. Akaipoza mara nyingine. Alitaka iwe ya mtu aliyetoka punde: sio zamani nikaona kanisahau, sio sasa hivi nikamfuata nisimkute. Kuna mahali padogo sana katikati ya hapo, na mama, ambaye hakuna aliyewahi kumketisha juu ya ndoo Kiwalani, alikuwa amepatafuta mwenyewe kwa mdomo wake, asubuhi baada ya asubuhi, akijua anampimia mtoto anayepima.

Alipofunika kisahani na kukiweka kikombe juu ya stuli, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Akakaa tena. Ndipo alipolia, lakini kidogo, kwa kuwa muda ulikuwa umempita.

Ningeweza kutoka. Nilikuwa na miaka ambayo mtoto angetoka akauliza. Badala yake nilikohoa. Nikakohoa tena, nikajinyoosha kwa kelele, nikamuita Idi bila sababu, nikampa nafasi ya kutosha, kisha nikafunua pazia nikipangusa macho. Mama alikuwa amesimama jikoni pake, anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako katoka sasa hivi tu."

Nikafunua kisahani. Nikaweka mdomo, nikasoma, nikaweka tena.

"Eeh," nikasema. "Hata Rangi Tatu hajafika."

Mgongo wake ukashuka. Nimeuza na kununua miaka mingi, nimeona watu wakipata bei waliyokuwa wanaiombea, na sijaona tena mgongo unaoshuka vile.

Tukaendelea hivyo. Mimi nikarudi kitandani, nikawa nageuka kwanza ili springi zilie na yeye asikie, nahesabu, ndipo naamka. Nilikuwa natengeneza muda wake naye anatengeneza joto langu. Kilichonitesa ni hesabu nyingine, ambayo mpaka leo haijatoka: asubuhi ipi ilikuwa ya mwisho ya kweli? Nimerudi nyuma siku hadi siku, nimeanzia mwisho na nimeanzia mwanzo, natafuta chai iliyokuwa tofauti kidogo, tamu kidogo, mdomo wa mwanaume kwenye ukingo. Sijaiona. Mama alikuwa fundi mno. Aliunganisha pale ambapo baba alikatika, na hakuna ufa.

Baba alikuja mara moja, mchana, siku ya Jumapili. Tulisikia "Hodi" uani kama ya mgeni. Alikuwa amevaa shati lenye mistari ya pasi mikononi. Mama alikuwa hapigi mistari mikononi. Alinukia sabuni nyingine. "Nimepita tu," akamwambia mama, "nichukue upawa wangu wa kumiminia. Uko chini ya kitanda."

"Upo," mama akasema. "Kaa unywe chai."

"Nina haraka kidogo, Mama Zuu."

"Chai iko tayari."

Akakaa kwenye kigoda. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema nimekuwa mkubwa, akamuuliza Idi kama anamjua yeye ni nani, na Idi akajificha nyuma ya mguu wangu. Mama akamletea kikombe cha bati kimejaa, sukari nyingi, kijiko chake. Nami nikakaa chini, karibu na goti lake, mahali pa mtoto wa kwanza. Nilisahau yote niliyoyaona chini ya pazia. Nilisema moyoni, leo itakuwa ya kweli.

Alikunywa akizungumza na Baba Neema, aliyekuwa kasimama mlangoni pake ng'ambo. Alisema habari za simba, kwamba mtu mmoja kule kataka simba wawili na bei hakuuliza.

"Na kule unapima kwa kitu gani?" Baba Neema akamuuliza. Hakuwa anacheka.

"Kule kuna saa, Lameki."

Akainua kikombe. Nikakitazama kinavyopanda, mdomo wa buluu, koo lake likishuka na kupanda, likishuka na kupanda, na kichwa chake kikienda nyuma zaidi ya kinavyopaswa kwenda kwa mtu anayebakiza. Alikunywa chote. Akakung'uta vipande vya tangawizi chini, kwenye mchanga, akakiweka kikombe juu ya stuli, akasema, "Alhamdulillah." Nikajiuliza, na ndiyo mara ya kwanza kujiuliza, kama amewahi kubakiza hata siku moja maishani mwake.

Mama alikuwa kasimama kwenye pazia na upawa mkononi. Aliona kikombe, akaona ninavyokitazama. Akampa upawa wake. Baba akanigusa kichwa, akavuka uani, akasimama na Baba Neema wakiagana, na nilimsikia anasema nini, na nilimuona mgongo wake na ile mistari, hatua chache kutoka nilipokaa.

Nikakichukua kikombe. Bati, na tena tupu, halina kitu cha kulishikia joto. Kwa kila nilichopima maisha yangu, hakuna kinachopoa upesi kuliko hicho. Nikaweka mdomo wa juu kwenye ukingo alipokuwa ameweka wake. Kilikuwa baridi. Kwa hesabu ya kikombe baba alikuwa ameondoka siku nyingi sana, na bado nilikuwa namuona.

"Imebaki?" mama akauliza nyuma yangu.

"Haijabaki."

Nikasikia kizibo cha chupa kinafunguliwa.

"Lete kikombe chako," akasema. "Nikumiminie ya kwako."